Kona Inalipiwa: Historia ya Nishati Katika Simuleta za Ndege za Kivita

Chukua simuleta yoyote ya ndege za kivita uliyo nayo kwenye kompyuta. Panda hadi mita 3,000, fikisha mwendo wa kilomita 720 kwa saa, halafu laza ndege ubavu na uvute jostiki hadi mwisho. Usimwangalie adui. Angalia kipimo cha mwendo. Ikiwa ndege inakata kona kali mzunguko baada ya mzunguko na mwendo haushuki hata kidogo, programu hiyo inakudanganya. Michoro yake inaweza kuwa mizuri ajabu, mawingu yakang'aa na vivuli vikatembea, lakini ndege yenyewe ni picha tu inayozungushwa kwenye skrini.

Leo nataka tuzungumzie jinsi simuleta zilivyojifunza kutoza gharama ya kona. Historia hii inaanza na marubani waliokufa kabla kompyuta hazijakuwepo, inapita kwa afisa mmoja mbishi wa jeshi la anga la Marekani, na inaishia kwenye mistari miwili ya programu ambayo mimi na wewe tunaweza kuiandika vibaya leo jioni. Makala ni marefu kidogo, kwa hiyo jitilie chai.

Walijua kabla ya hesabu

Marubani wa vita walijua jambo hili mapema sana, ila hawakuwa na namba zake. Mwaka 1916 rubani Mjerumani Oswald Boelcke aliandika kanuni za mapigano ya angani, na ya kwanza ilikuwa kutafuta nafuu kabla ya kushambulia. Katika siku zile nafuu kubwa kuliko zote ilikuwa kimo. Aliye juu ndiye aliyechagua kama pigano litakuwepo, na litaanza lini.

Mwishoni mwa 1941 Claire Chennault aliingia vitani na kikosi cha Wamarekani wa kujitolea huko Burma na China. Ndege zao za P-40 zilikuwa nzito, na wapinzani wao Wajapani walikuwa na ndege nyepesi zilizokata kona kama mbayuwayu. Amri ya Chennault ilikuwa fupi: usizunguke nao. Shuka kutoka juu, piga, endelea na safari yako, kisha panda tena ukiwa mbali. Rubani aliyesahau amri hiyo akajaribu kuzunguka alijikuta yuko chini, hana mwendo, na adui yuko nyuma yake.

Kisa cha tatu ni cha ndege ya Zero iliyoanguka kisiwa cha Akutan, Alaska, Juni 1942. Wamarekani waliikarabati wakairusha San Diego Septemba mwaka huohuo. Waligundua kwamba sifa yake ya kukata kona ilikuwa na masharti. Ikipita takriban kilomita 370 kwa saa, usukani wake wa kulaza ndege ubavu ulikuwa mzito mno. Kwa maneno mengine, swali la "ndege ipi inakata kona vizuri?" halijakamilika. Lazima uongeze: kwa mwendo gani, kwa kimo gani, na kwa muda gani?

Boyd na kompyuta ya Eglin

Aliyeligeuza swali hilo kuwa hesabu ya kulinganisha ndege na ndege ni John Boyd. Alizaliwa 1927 huko Erie, Pennsylvania, akarusha F-86 katika vita vya Korea, kisha akawa mwalimu katika shule ya mapigano ya angani huko Nellis, Nevada. Walimwita "Boyd wa sekunde arobaini", kwa kuwa aliweka dau kwamba angempa mtu yeyote nafasi ya kuanzia nyuma ya mkia wake na bado amshinde ndani ya sekunde hizo.

Mwaka 1960 jeshi lilimpeleka kusomea uhandisi Georgia Tech, na huko masomo ya thamodinamiki yakamfungua macho. Kuwazia ndege kwa kutumia nishati hakukuwa jambo jipya. Edward Rutowski wa kampuni ya Douglas alichapisha makala ya kitaalamu mwaka 1954 kuhusu namna ya kupanda haraka kwa kutumia wazo hilohilo. Boyd alilihamisha wazo kutoka kwenye kupanda na kulipeleka kwenye kupigana.

Baadaye akapangiwa kituo cha Eglin, Florida, ambako alikutana na Thomas Christie, mwanahisabati raia aliyekuwa na njia ya kuifikia kompyuta kubwa ya kituo. Kazi ya Boyd haikuwa na kibali cha kutumia kompyuta hiyo, na watu walioandika maisha yake wanaeleza jinsi saa zake za kompyuta zilivyopitishwa chini ya majina ya miradi mingine. Mwaka 1964 wawili hao walitoa ripoti ya nadharia yao ya nishati na wepesi wa ndege. Fomula yake inatosha kwenye kiganja:

Ps = V × (T − D) / W

V ni mwendo, T ni msukumo wa injini, D ni ukinzani wa hewa, W ni uzito. Jibu linakwambia unapata au unapoteza mita ngapi za nishati kila sekunde.

Pesa mfukoni, pesa benki

Twende polepole hapa, maana hapa ndipo simuleta nyingi zilipokwama.

Ndege ina nishati ya aina mbili tunazozijali: ya mwendo na ya kimo. Mwendo ni pesa taslimu mfukoni. Kimo ni akiba benki. Ukishuka unatoa pesa, ukipanda unaweka. Injini ni mshahara unaoingia kila sekunde, na ukinzani wa hewa ni makato.

Ili kujumlisha vyote viwili, tunageuza mwendo kuwa mita za kimo: mraba wa mwendo ugawanye kwa 19.62, ambayo ni mara mbili ya mvutano wa dunia. Ndege inayokwenda mita 200 kwa sekunde, yaani zile kilomita 720 kwa saa, ina mita 2,039 mfukoni. Ikiwa iko mita 3,000 juu, jumla yake ni 5,039. Sasa mtazame mwenzake aliye mita 5,000 juu akienda mita 100 tu kwa sekunde. Huyo ana 5,000 na 510, jumla 5,510. Kwa macho anaonekana anatambaa. Kwa hesabu ni tajiri kuliko yule wa chini.

Na kona je? Ili kukata kona, mabawa lazima yatoe nguvu kubwa kuliko ile ya kubeba uzito wa ndege. Kona ya g 7 inadai mara 7 ya uzito. Kwa mwendo wa mita 200 kwa sekunde bila kubadilisha kimo, g 7 inakupa digrii 19.5 kila sekunde, mzunguko mzima kwa sekunde 18.5, na nusu kipenyo cha mita 588. Ukijaribu g 7 hizohizo kwa mita 300 kwa sekunde, unapata digrii 13 tu na nusu kipenyo cha mita 1,324. Mwendo mwingi kupita kiasi nao unaharibu kona.

Makato yenyewe ni makali. Ule ukinzani wa hewa unaozaliwa na kazi ya kuinua huongezeka kwa mraba. Kwa mwendo uleule na kimo kilekile, g 4 inazidisha ukinzani huo mara 16, na g 7 inauzidisha mara 49. Tuseme kwenye kona hiyo ukinzani wote umezidi msukumo wa injini kwa kiasi cha nusu ya uzito wa ndege. Weka kwenye fomula: 200 mara −0.5, unapata −100. Unapoteza mita 100 za nishati kila sekunde. Hasara hiyo ikidumu sekunde 10 bila wewe kushuka, mwendo wako utatoka mita 200 hadi kama 143 kwa sekunde. Kwa wakati huo hata zile g 7 huenda mabawa hayawezi tena kuzitoa.

Kwa hiyo kuna kona za aina mbili. Ya kwanza ni ya papo hapo: kali kadiri mabawa na mwili wa rubani vinavyoweza, inayokula akiba. Ya pili ni ya kudumu: ile ambayo mshahara wa injini unalingana na makato, Ps ikiwa sifuri, na unaweza kuzunguka hadi mafuta yaishe. Ndege moja inaweza kuwa bingwa wa ile ya kwanza na dhaifu katika ya pili. Ukisoma tangazo la simuleta linalosema tu kwamba ndege fulani "inakata kona sana", uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Hesabu inagharimu watu

Boyd na Christie walichora grafu za ndege za Marekani, wakazilaza juu ya grafu za ndege za Kisovieti zilizotokana na taarifa za kijasusi. Matokeo hayakupendeza. Katika sehemu nyingi za mwendo na kimo, MiG zilikuwa na nafuu.

Huu haukuwa mjadala wa darasani. Vita vya Vietnam vilikuwa vinapamba moto, na F-4 Phantom, ndege kubwa yenye injini mbili ambayo matoleo yake ya mwanzo hayakuwa na bunduki ndani kabisa, ilikuwa inakutana na MiG-17, ndege ndogo iliyozunguka karibu karibu. Rubani wa Phantom aliyekubali kuzunguka na MiG-17 kwa mwendo mdogo alikuwa ameuchagua uwanja wa adui. Nafuu yake ilikuwa msukumo: apande, achukue nishati, arudi kutoka juu. Chennault angemwambia hivyohivyo. Machi 1969 jeshi la majini lilifungua shule ya Top Gun huko Miramar, California, ili marubani wajifunze mambo haya kabla ya kuyakuta vitani.

Grafu zilezile zilisaidia kuzaa ndege. Boyd na wenzake walisukuma wazo la ndege nyepesi ya kivita yenye nishati ya kutosha, na YF-16 ikaruka 1974. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa F-16. Kumbuka jina hilo, tutakutana nalo tena mara moja.

Kompyuta zisizojua kuzidisha

Sasa tuingie kwenye nyumba yetu sisi watu wa programu. Mwaka 1980 kampuni ya subLOGIC ya Bruce Artwick iliuza simuleta ya Apple II, na ndani yake kulikuwa na pigano la angani la enzi za vita vya kwanza vya dunia. Chipu ya Apple II, 6502, ilienda kama megahezi 1 na haikuwa hata na amri ya kuzidisha namba mbili. Kuzidisha ulikuandika mwenyewe kwa kujumlisha na kusogeza biti. Sasa jaribu kupiga hesabu ya ukinzani unaoongezeka kwa mraba kwenye mashine ya namna hiyo, huku ukichora dunia nzima kwa mistari. Kwa hali hiyo, ndege kupanda, kushuka na kugeuka kwa namna inayoaminika kulikuwa muujiza tayari.

Mwaka 1987 Spectrum HoloByte ilitoa Falcon. Ndege yake? F-16. Ndege iliyozaliwa na fomula ya nishati ndiyo ikawa mlango wa maelfu ya wachezaji kuingia kwenye somo la nishati. Falcon 3.0 ilifuata 1991 ikiwa na chaguo la urukaji wa hali ya juu, lakini kulitumia ulihitaji chipu ya ziada ya hesabu kwenye kompyuta yako, kifaa ambacho wakati huo watu wa takwimu na uhandisi ndio waliokinunua. Fikiria mtu anafungua kompyuta na kuongeza chipu ili ndege yake ipoteze mwendo kwa usahihi zaidi!

Jambo la pili lililobadilisha mambo ni binadamu. Ukipigana na adui wa kompyuta, anaweza kudanganya usijue. Air Warrior ya kampuni ya Kesmai, mwishoni mwa miaka ya 1980, iliwakutanisha watu kwa laini ya simu kupitia huduma ya GEnie, wakilipa kwa saa. WarBirds ikaja 1995, Aces High 2000, na IL-2 Sturmovik ya Oleg Maddox 2001. Wachezaji wengi wakipigana kila usiku, kosa dogo kwenye ukinzani wa ndege moja halijifichi. Baada ya muda utaona kila mtu anarusha ndege hiyohiyo, na wanaoipenda ndege nyingine wanakuja na vitabu vya zamani mkononi kudai haki. Wengine huona ubishi huo ni utoto. Mimi naona ndio uliowalazimisha watengenezaji kufungua ripoti za majaribio ya miaka ya 1940 na kuzisoma.

Nishati ya bure iliyofichwa kwenye msimbo

Hapa ndipo ninapotaka waandishi wa programu wasogeze kiti. Unaweza kuwa na takwimu zote sahihi za ndege na bado ukakosea, kwa sababu ya mistari hii miwili:

kasi = kasi + mchapuko × dt
mahali = mahali + kasi × dt

Hii ndiyo njia ya Euler, na ndiyo ambayo karibu kila mtu huandika mara ya kwanza. Kwenye kona, nguvu kuu inavuta ubavuni, pembe mraba na mwendo. Nguvu ya namna hiyo inatakiwa kubadilisha mwelekeo tu, mwendo ubaki ulivyo. Lakini njia ya Euler inachukua hatua iliyonyooka pembeni ya duara, na hatua iliyonyooka daima inaishia nje ya duara. Mshale wa kasi unarefuka kidogo kila hatua.

Kidogo kiasi gani? Rudi kwenye kona yetu ya g 7 kwa mita 200 kwa sekunde. Mchapuko wa kona ni kama mita 68 kwa sekunde mraba. Kompyuta ikipiga hesabu mara 15 kwa sekunde, kila hatua inaongeza mita 4.5 kwa sekunde pembeni, na kwa kanuni ya Pythagoras urefu wa kasi unakuwa 200.05 badala ya 200. Unaona ni kitu kidogo? Zidisha kwa hatua za mzunguko mzima wa sekunde 18.5. Unapata karibu mita 14 kwa sekunde, kilomita 50 kwa saa, ambazo hakuna injini iliyozitoa. Zimetoka kwenye makosa ya hesabu.

Ukipiga hesabu mara 60 kwa sekunde, zawadi hiyo inashuka hadi kama mita 3.5. Sasa ona kituko chake: ikiwa hatua ya hesabu imefungwa na fremu za skrini, mwenye kompyuta ya polepole ana ndege inayohifadhi nishati kuliko mwenye kompyuta ya kisasa. Watu wawili, ndege moja, fizikia mbili.

Dawa zinajulikana. Tenganisha hesabu ya urukaji na uchoraji wa skrini, uipe hatua ndogo isiyobadilika. Tumia njia ya Runge-Kutta, inayopima mchapuko katikati ya hatua pia. Au uzungushe mshale wa kasi kwa pembe inayotakiwa badala ya kuujumlishia. Kisha andika kipimo kinachojiendesha: zima injini, ondoa ukinzani, zungusha ndege mara 10, halafu linganisha jumla ya nishati ya mwanzo na ya mwisho. Zikitofautiana, usiguse takwimu za mabawa. Kosa liko kwako.

Takwimu zinatoka wapi

Kuna njia mbili kubwa za kuipa ndege tabia. Moja ni majedwali: kwa pembe hii ya bawa na mwendo huu, nguvu ni hii. Ya pili ni kulikata bawa vipandevipande na kukokotoa nguvu ya kila kipande, njia iliyoifanya X-Plane ya Austin Meyer ijulikane. Majedwali ni sahihi kadiri ya vipimo vilivyoyajaza. Vipande vinakusaidia pale ambapo vipimo havipo, ila vinategemea wewe kulijua vizuri umbo la bawa.

Kwa F-16 tuna bahati. Mwaka 1979 NASA ilichapisha ripoti ya watafiti wa Langley wakiongozwa na Luat Nguyen, yenye majedwali ya nguvu za ndege hiyo kutoka kwenye handaki la upepo. Ripoti hiyo iko wazi kwa kila mtu, imetumika kufundishia wanafunzi wa uhandisi kwa miongo mingi, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuandika F-16 yake juu ya programu huria kama JSBSim. Vitu ambavyo Boyd alivitafutia saa za kompyuta kwa ujanja sasa vinaendeshwa na simu iliyo mfukoni mwako.

Ndiyo maana visingizio vimepungua. Kompyuta inajua kuzidisha, fomula iko wazi, na kwa ndege nyingi za zamani ripoti zipo. Simuleta inayotoa kona ya bure leo imeamua kufanya hivyo, kwa kawaida kwa sababu mchezaji mgeni hupenda ndege inayomtii. Kama ni mchezo wa kujifurahisha, sawa, mradi useme hivyo. Tatizo ni kujiita simuleta halafu kumfundisha mtu tabia ambayo marubani wa Chennault waliilipia kwa maisha yao.

Kwa hiyo kabla ya kusifu au kulaani simuleta yako, ipime. Kwanza, kata kona kali bila kubadilisha kimo, uandike mwendo kila baada ya sekunde 5. Pili, tafuta kona ya kudumu kwa kimo kimoja, upime sekunde za mzunguko mzima, kisha ulinganishe na mwongozo wa ndege hiyo ukiupata. Tatu, shuka mita 1,000 injini ikiwa chini kabisa, panda tena, uone umerudi kimo gani kwa mwendo uleule. Ukirudi palepale ulipoanzia, hakuna makato. Ukirudi juu zaidi, kuna mtu aliandika ile mistari miwili na hakuipima.